Chupa Moja ya Matone, Obunga

Tikisa chupa. Naanzia hapo hapo kwa sababu juzi nilipita kliniki kusalimia watu, nikaona kijana mmoja mwenye koti jeupe safi akimkabidhi mgonjwa matone ya macho kama anampa mtoto peremende. Hakusema neno, na macho yake yalikuwa kwenye simu. Yawa! Nilitaka kuruka meza. Nimestaafu, sawa, nimeagwa kwa keki na hotuba, nimeambiwa nikae nipumzike. Lakini mimi sijui kukaa. Hata haya nayaandika nikiwa nimesimama jikoni hapa Migosi, Kisumu, maharagwe yako motoni, na kila nikimaliza maneno mawili naenda dirishani kuangalia sijui nini.

Basi, tikisa. Ile dawa nyeupe kama maziwa, ya kutuliza uvimbe ndani ya jicho, hutuama. Dawa inashuka chini, maji yanabaki juu, na asiyetikisa anajidondoshea maji. Kulikuwa na bwana mmoja wa Milimani, mtu mkubwa, wa kushushwa na dereva mlangoni kabisa. Alikuja kutushtaki kwamba dawa yetu ni bandia. Nikamwambia, "Mzee, hebu nionyeshe vile unaweka." Akaitoa chupa mfukoni taratibu kama mtu aliyebeba yai, akaiinamisha pole pole. Nikamuuliza mbona haitikisi. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Sista, dawa ya maana haitingishwi ovyo ovyo." Chupa nzima alikuwa ametumia yale maji ya juu, dawa yenyewe imelala chini imenona. Nilicheka mpaka naye akacheka, na tangu siku hiyo aliitikisa ile chupa kama kayamba.

Aliyenifundisha matone ni Bwana Okumu, tabibu wa macho wa zamani, mrefu, mkavu, mtu asiye na haraka hata nyumba ikiungua. Mimi na yeye tulikuwa paka na panya. Mimi nataka mgonjwa aingie, atoke, aje mwingine. Yeye alinikalisha kitini, akanipa chupa ya maji safi, akasema nimdondoshee yeye mwenyewe mpaka nijue. Nilimlowesha shati. "Vuta kope ya chini, utengeneze mfuko," alikuwa akisema huku maji yanamtiririka shingoni. "Mwambie aangalie juu. Tone moja. Moja, Sista! Jicho ni kikombe kidogo, tone la pili linaosha shavu tu." Halafu mgonjwa afumbe, abonyeze pembe ya jicho pale karibu na pua, dawa isiteremke. Ukisikia uchungu kooni, alisema, umetibu koo. Na mdomo wa chupa usiguse kope, kwa sababu ukigusa jicho lenye uchafu, chupa yote imeingia uchafu. Na kama dawa ni mbili, subiri kidogo kati ya ya kwanza na ya pili.

Hapo kwenye kusubiri ndipo tulipogombana zaidi. Kusubiri kwangu mimi ni kifungo. Bwana Okumu aliniambia nitakuwa nesi mzuri siku nitakapoweza kusimama mahali pamoja. Ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na hiyo siku haijafika.

Sasa niwaambie, nyinyi manesi vijana, kuhusu sukari, maana najua mnafundishwa kwa maneno makubwa halafu mnakuja kumwambia mama wa sokoni maneno yale yale. Sukari ikikaa juu mwilini inaharibu vile vimishipa vyembamba vya nyuma ya jicho. Vinavuja. Pazia la nyuma, retina, linavimba, na likivimba katikati mtu anapoteza mahali hasa pa kuonea sura na vitu vidogo. Zamani tulikuwa na maneno mengi na dawa kidogo. Tulimwambia mtu apunguze chai ya sukari, na aliyebahatika tukamtuma mbali akapigwe miale ya leza. Siku hizi kuna sindano za ndani ya jicho, kuna mashine inayopiga picha ya retina na unaona uvimbe umeinuka kama andazi. Na kuna haya matone ya kutuliza uvimbe. Yanawasaidia wengine, hasa wale wa sukari ambao uvimbe umewajia baada ya operesheni ya mtoto wa jicho. Si wote. Na hayatibu sukari yenyewe, tafadhali mwambieni mtu hivyo waziwazi, kwa sababu nimeona watu wakiacha vidonge eti sasa wana matone.

Tena mengine yana hila. Yanaweza kupandisha presha ya jicho kimya kimya, mara nyingi hakuna maumivu, hakuna wekundu, na presha ikikaa juu jicho linakufa mwenyewe hana habari. Ndiyo maana mtu wa matone lazima arudi apimwe. Mkielewa hilo tu, mtaelewa kwa nini Mama Awino bado ananinyima usingizi.

Mama Awino alikuwa mkaanga mgongo wazi kule Obunga. Mnajua mgongo wazi: ule mfupa wa samaki mbuta unaobaki viwandani minofu ikishakatwa, kichwa na mkia viko na nyama kidogo imeshikilia katikati. Kina mama wanaununua, wanaukausha, wanaukaanga kwenye makarai makubwa kwa moto wa kuni, na nusu ya Kisumu inakula. Mama Awino alikuwa mnene, mcheshi, sauti ya kuita watu kutoka barabara ya pili. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kabla hajatufikia, damu ilivuja ndani akidhani ni uchovu. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, likafanyiwa operesheni, akaona vizuri, akatuletea samaki kliniki nzima. Halafu ukungu ukarudi. Mashine ikaonyesha uvimbe katikati ya retina.

Daktari wetu, kijana mpole kutoka upande wa Nyeri, alimwandikia matone ya kutuliza uvimbe, arudi tupime, na yasipofanya kazi twende kwa sindano. Mama Awino aliposikia sindano ya jicho alishika kiti kwa mikono miwili. Lakini hofu yake kubwa haikuwa sindano. Binti yake alikuwa ameshamwambia akiwa kipofu atampeleka dala, nyumbani kijijini, kule Uyoma, akae kwa shemeji.

"Nikae nifanye nini, Sista?" aliniuliza. "Nikae kama gunia? Watu wanipitie wakinisalimia amosi, amosi, wakienda? Mimi nitakufa na kukaa."

Mnamjua anayeandika hapa. Hata mimi kukaa kungeniua. Nikajiambia jicho hili moja halipotei nikiwa hai, na nikamfundisha matone siku hiyo kwa subira ambayo Bwana Okumu hakuwahi kuiona kwangu. Kutikisa, mfuko, kuangalia juu, tone moja, kubonyeza karibu na pua. Mkono wake ulikuwa mzuri ajabu. Mtu aliyezoea kugeuza samaki kwenye mafuta yanayochemka hatetemeki.

Mara ya kwanza aliporudi, uvimbe ulikuwa umeshuka. Daktari alitabasamu, mimi nikaimba kwenye korido. Mara iliyofuata ulikuwa umepanda tena. Baada ya hapo ukapanda zaidi, na Mama Awino akawa anakuja kuomba chupa nyingine kabla ya wakati. "Inamwagika, Sista," alisema, akiangalia viatu vyangu.

Daktari alisema matone yameshindwa, inatokea. Nami sikuridhika. Nilimwambia Mama Awino aweke tone mbele yangu, akaweka safi kabisa, hakuna hata kidogo kilichomwagika. Sasa inamwagika wapi? Niliuliza kama anaiweka juani. Hapana. Vidonge vya sukari anameza? Anameza, na kipimo kilikubaliana naye. Nilienda nyumbani, nikapika ugali ukaungua. Mume wangu akaniambia, "Mama, aidha ulale au uende huko unakotaka kwenda." Jumamosi asubuhi nikaenda.

Kama hujaingia Obunga wakati makarai yameshika moto, huwezi kujua moshi. Unaingia ukiwa mtu, dakika chache baadaye unalia kama umefiwa. Nilifuata sauti ya Mama Awino, si vigumu, nikapinda kwenye kona ya kibanda chao. Pale nikakuta wanawake wenzake wa makarai wamejipanga kwenye benchi, vichwa vimeinuliwa juu, midomo wazi kama vifaranga. Mama Awino anapita mmoja mmoja na chupa yangu. Anaitikisa. Anavuta kope ya chini. "Angalia juu," anasema. "Tone moja, moja tu! Funga. Bonyeza hapa kwa pua."

Sikujua nicheke au nipige kelele. Alikuwa anaweka vizuri kuliko manesi wangu wawili! Nikapiga kelele.

"Mama Awino! Unafanya nini?"

Alishtuka, lakini chupa hakuificha. "Karibu, Sista. Keti. Mama Otis, sogea Sista aketi."

"Sikuja kuketi! Hiyo dawa ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi mbona iko kwa macho ya watu?"

Akanijibu kwa utulivu ulioniudhi zaidi. "Sista, angalia sisi. Moshi inatuua sisi wote, macho nyekundu kila siku. Wewe ulinipa dawa, jicho yangu ikawa nyeupe kama ya mtoto. Sasa niweke dawa peke yangu, nikae hapa niangalie wenzangu wakilia? Hapa kwetu mtu hali peke yake."

"Hii si chakula! Na si ya moshi! Ni ya uvimbe wa sukari, ndani kabisa ya jicho!"

"Lakini si inatoa wekundu?" akauliza mmoja pale kwenye benchi.

Na kweli, jamani, inatoa. Huo ndio mtego wenyewe. Jicho linatakata, mtu anafurahi, na ndani presha inaweza kuwa inapanda ngazi. Nikauliza kama kuna mtu ambaye kichwa kinamuuma, ama anaona taa zina duara la rangi usiku. Wakatazamana. Mama Otis, yule aliyesogezwa nikae, mwembamba, mkimya, mdogo kuliko wote, akasema polepole, "Mimi. Lakini nilidhani ni moshi."

Nikamuuliza Mama Awino sasa kwa sauti ya chini, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuogopa, "Na wewe mwenyewe? Unabaki na nini?"

"Naweka ikibaki," alisema.

Ilikuwa haibaki. Wiki kadhaa mwanamke mwenye jicho moja tu alikuwa anawagawia wenye mawili, halafu anatia kizibo kwenye chupa tupu na kurudi kwenye karai.

Jumatatu benchi lote lilikuwa kwenye benchi letu la kliniki. Presha ya Mama Otis ilikuwa juu, juu ya kutisha, macho yote mawili. Wengine walikuwa salama, mmoja tu tukamkuta ana sukari hajui. Mama Awino alipoelezwa maana ya presha ya Mama Otis, aliacha kucheka. Aliuliza swali moja tu: "Atakuwa kipofu?" Daktari alisema tunaacha ile dawa, tunampa ya kushusha presha, tunangoja. Neno hilo tena. Tunangoja!

Jicho la Mama Awino daktari aliliangalia kwa muda mrefu. Alisema tutaanza matone upya, safari hii yaingie kwenye jicho lenyewe, na tutaongeza sindano bila kuchelewa, maana uvimbe umekaa sana. Mama Awino akakubali sindano kwa kuitikia kwa kichwa. Nadhani siku hiyo wangemwambia wamkate mkono angekubali.

Hapa mtaniuliza: ulifanyaje asigawe tena? Vijana wengi mngemkemea, mngemwambia apige kiapo. Lakini mimi nilikuwa nimemwona kwenye lile benchi. Yule hawezi kukataa mtu anayelia mbele yake, hata ukimfunga kamba. Kwa hiyo nilimnyang'anya chupa, nikampa Mama Otis aitunze. Nikamwambia mbele ya wote, "Wewe ndiye unajua hii kitu inaweza kukufanyia nini. Ni wewe utamwekea, asubuhi na jioni na kila saa iliyoandikwa. Mwingine akiomba, mwambie aje anione mimi, na aje amejiandaa."

Wakacheka. Mama Otis hakucheka. Aliifunga ile chupa kwenye pindo la leso, na kutoka siku hiyo hakuna tone lililokwenda kwa jicho lingine. Shida ya moshi tuliimaliza kwa njia nyingine: walihamishia majiko mahali pa wazi, upande ambao upepo wa ziwa hauwarudishii moshi usoni, na macho wakawa wanaosha kwa maji safi. Wekundu ukapungua bila dawa ya mtu. Kitu rahisi hivyo, na hakuna aliyekuwa amewahi kuwauliza. Tulikuwa tukimpa mmoja matone ya uvimbe na kuwarudisha wote pamoja ndani ya moshi.

Nimeenda kuzima maharagwe. Nimerudi.

Sindano alichomwa, akashika mkono wangu mpaka pete ikanikata, akasema ilikuwa kama kuumwa na siafu tu, na kelele yote ile ni ya nini. Akarudi tena, akachomwa tena. Matone yaliendelea, Mama Otis akimleta kila mara kama askari wa zamu, naye mwenyewe akipimwa presha upande wa pili. Miezi ile sikulala vizuri. Nilikuwa natembea usingizini, nilikuwa nagombana na watoto, nilimwaga chai kwenye faili la mkubwa wangu. Mtu aniambie nesi hapaswi kumpenda mgonjwa, nitamwambia ajaribu.

Kisha siku ya picha ikafika, ile ambayo daktari alisema itatuambia mwisho wake. Mashine ikapiga. Daktari akageuza kioo ili sote tuone. Uvimbe ulikuwa umekwisha, retina imelala tambarare. Nikaruka, kweli niliruka, mtu mzima wa kustaafu kesho kutwa. Lakini daktari hakuruka. Alionyesha kwa kalamu pale katikati. Pale palikaa na uvimbe muda mrefu mno bila dawa, akasema, pameumia. Hapatarudi. Mama ataona njia, ataona mtu anayekuja, atajua mchana na usiku mpaka mwisho wa maisha yake akitunza sukari. Lakini herufi ndogo hataziona, na karai la mafuta ya moto asilisogelee tena.

Nilitafsiri yote kwa Dholuo ili asipotee neno. Nilingoja alie. Mimi ndiye niliyekuwa nalia, nikijifanya natafuta miwani.

Mama Awino akageukia mlangoni, aliposimama Mama Otis na karatasi yake ya presha mkononi. "Na huyu?"

"Presha imeshuka, Mama," daktari akasema. "Macho yake ni mazima. Yote mawili."

"Yote mbili?"

"Yote mawili."

Akapiga makofi mara moja, kwa nguvu, kama anayemfukuza paka kwenye samaki. "Nyasaye, ero kamano! Asante Mungu! Basi yeye atakaanga, mimi nitauza mbele. Sauti si niko nayo? Uyoma waningoje."

Hasira ikanipanda, sijui ilitoka wapi, labda ilikuwa imekaa ndani tangu ile Jumamosi. Nikamwambia kwa ukali, mbele ya daktari, mambo ambayo hamtakiwi kuwaambia wagonjwa. "Mama Awino, unaelewa lakini? Kama ile dawa ungeitumia peke yako tangu mwanzo, leo ungekuwa unasoma hapa ukutani mpaka mstari wa chini kabisa!"

Aliinuka, akaniangalia kwa pembeni, kwa ile sehemu ya jicho iliyobaki nzima, na hakunikasirikia hata kidogo.

"Nisome nini, Sista?" alisema. "Kule kwetu hakuna kitu ya kusoma. Kuna watu."

Akamshika Mama Otis bega, wakatoka, na kabla hawajafika getini niliisikia sauti yake ikimwita mtu ng'ambo ya barabara. Mimi nilibaki pale na chati yangu ukutani. Alikosea, nyinyi nawaambia alikosea, dawa ya jicho haigawiwi na mkiona mtu anagawa mkimbie mkamnyang'anye. Nimejisemea hivyo tangu siku ile, nikizunguka nyumba hii chumba kwa chumba, na kila nikifika dirishani najikuta nikirudia maneno ya yule mama: kuna watu.